Bunduki ya Mzee Dramadri: Risasi ya Mfukoni

Tulimwacha Driwaru mkono wake umezama mpaka begani ndani ya ghala la mtama, nyumbani kwao Aroi, mchana kweupe, akipapasa. Blanketi lilikuwepo. Bunduki ya marehemu baba yake haikuwepo. Na nyuma ya mgongo wake sauti ya mwanamume ikauliza, "Unatafuta hii?"

Driwaru aligeuka.

Hakuwa mwizi. Wala hakuwa mmoja wa wale askari waliokuwa wakikimbia kutoka Kampala na kuwanyang'anya watu baiskeli njiani. Alikuwa kaka yake, Andama, sajini wa jeshi, ambaye hakuwa amekanyaga Aroi tangu matanga ya baba yao. Alivaa suruali ya kiraia iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Bunduki ilikuwa mikononi mwake.

"Kaka! Nusura uniue kwa hofu. Umefika lini?"

"Kaa chini, Driwaru."

"Nipe bunduki kwanza."

"Nimesema kaa chini. Kuna mtu anakuja."

Driwaru hakukaa. Alinyoosha mkono. Andama akarudi nyuma hatua moja.

Msomaji uliyeanza nasi leo, bunduki hii si bunduki tu. Mzee Dramadri, baba yao, alipigana Bama katika vita vya pili vya dunia, pamoja na askari wa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Aliporudi aliajiriwa na idara ya wanyamapori, na mkubwa wake Mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia bunduki hiyo pamoja na kibali chake. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule. Lakini ndiyo iliyomuua chui aliyemng'ata Driwaru begani akiwa mtoto mdogo, akaanza kumburuta kwenda kichakani. Mzee alipiga mara moja tu, binti yake akiwa bado mdomoni mwa mnyama. Alama za meno zipo hadi leo.

Mwaka jana, Mzee akikata roho, hakumwachia bunduki Andama, mwanawe wa kiume na mwanajeshi. Alimwachia Driwaru. Tangu siku hiyo, kila Jumapili baada ya kanisa, Driwaru huitoa ghalani, huipaka mafuta ya simsim, halafu huweka shavu lake kwenye kitako, pale mbao ilipolika na kuwa nyeusi kwa shavu la baba. Hajawahi kupiga hata risasi moja. Anachotafuta ni ile harufu ya tumbaku ya Mzee, ambayo haijatoka mpaka leo.

Sasa kaka yake alikuwa ameishika kama jembe la kukodi.

"Anakuja nani?" Driwaru aliuliza.

"Kapteni Umaru."

Hakuna mtu kati ya Arua na Koboko ambaye hakulijua jina hilo. Waliochukuliwa na Kapteni Umaru hawakurudi kueleza walipelekwa wapi.

"Kapteni Umaru anataka nini kwetu? Serikali yao imeanguka. Redio imesema. Si akimbie kama wenzake!"

"Atakimbia. Lakini hataki kuondoka kabla hajalipwa deni la damu. Unamkumbuka mdogo wake, Kenyi?"

"Yule wa usalama? Aliyepigwa risasi njia ya Ludara?"

"Huyo huyo. Risasi ilitolewa mwilini mwake. Kapteni ameitembeza mfukoni miaka mitano. Wazee wa Koboko waliomwona nayo juzi walimwambia, hii si risasi ya jeshi la leo. Hii ni ya bunduki ya Keya. Na Koboko nzima, wakati ule sisi tukiishi Ludara, aliyekuwa na bunduki ya namna hiyo alikuwa..."

"Nyamaza!"

"Alikuwa baba."

Kofi lilitua kwenye shavu la Andama kabla hajafunga mdomo.

"Baba hakuua mtu!" Driwaru alisema. "Alipiga chui. Alipiga nyati waliokula mashamba ya watu. Wewe mwanawe wa kumzaa, unasimama kwenye kaburi lake unamwita muuaji?"

Andama hakujishika shavu. Alikuwa akisikiliza kitu kingine.

Mlio wa Landrova ulikuwa ukipanda kutoka barabarani.

"Ingia shambani, kwenye mtama!" Driwaru alimsukuma. "Nipe bunduki, tuingie mtamani kabla hawajatuona!"

Andama hakusogea. Gari lilipoingia uani na kusimama, Driwaru alimwona kaka yake akiunganisha visigino, akanyoosha mgongo, akapiga saluti.

"Afande, iko hapa," alisema Andama.

Driwaru alimgeukia. "Wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyemleta."

"Wamemshika Pasca," Andama alijibu bila kumtazama. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na bado alikuwa amesimama kijeshi. "Mke wangu na watoto wangu wako Koboko, nyumbani kwa Kapteni. Ningefanya nini, Driwaru? Niambie, ningefanya nini?"

Kapteni Umaru alishuka. Alikuwa mwembamba, mrefu, nguo zake zimepigwa pasi wakati ambapo jeshi lake lote lilikuwa limevaa matambara. Askari mmoja alishuka nyuma yake. Kapteni alipokea bunduki kutoka kwa Andama kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Mama, habari ya hapa," alimsalimu Driwaru kwa sauti ya chini. "Mimi iko na neno moja tu na nyinyi. Halafu mimi nakwenda."

Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa risasi. Ilikuwa imepinda kidogo kwenye ncha, na inang'aa kwa kushikwashikwa.

"Hii ilitoka hapa." Alijigusa kifuani. "Kwa Kenyi. Mama yetu alikufa yeye bado nanyonya. Mimi ndiye nilimubeba mugongoni. Watu nasema mbona unatembea na chuma hii. Mimi nasema, nitaweka wapi? Ni kitu ya mwisho iligusa ndugu yangu."

Driwaru alimtazama mtu huyo akiigeuza risasi kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza tangu gari lisimame aliogopa kweli. Aliujua mkono ule. Yeye mwenyewe ndivyo alivyokuwa akiishika bunduki ya baba yake kila Jumapili.

"Mzee alikufa," Kapteni aliendelea. "Mimi najua. Nilikuja kuchelewa. Lakini damu ya mzee iko. Huyu mwanaume iko." Alimwelekezea Andama mtutu. "Na wewe iko. Sasa ninyi munichagulie. Ni nani atalipa?"

"Afande!" Andama alipiga magoti. "Afande, tulikubaliana! Ulisema nikikupa bunduki..."

"Nilisema mke yako atarudi nyumbani. Sikusema wewe utakuwa hapa kumupokea."

Askari alikoki bunduki yake. Na hapo mlango wa jikoni ukalia.

"Mwache," alisema Mama Ayikoru.

Alitoka akiwa na unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko. Mjane wa Mzee Dramadri, mama yao Andama na Driwaru, mwanamke mfupi ambaye tangu wahame Ludara hakuwahi hata kuligusa blanketi la bunduki ile. Driwaru alidhani ni woga wa silaha, na baada ya kifo cha Mzee, uchungu wa kufiwa. Tangu matanga mama alikuwa akizunguka mbali na ghala, na mtama alimtuma bintiye kuuchota.

"Mama, rudi ndani," Driwaru alinong'ona.

Mama Ayikoru alipita katikati ya wanawe akasimama mbele ya Kapteni.

"Mzee wangu hakumpiga ndugu yako. Siku ile alikuwa kitandani anatetemeka kwa malaria, hata uji hakuweza kushika. Niliyempiga ni mimi."

Andama aliinua uso.

Kapteni alicheka. Kicheko kifupi, bila furaha. "Wewe? Mama mzee, wewe hata panya huwezi."

"Ilikuwa imenyesha asubuhi. Gari lake lilizama kwenye tope pale mtoni, chini ya soko la Ludara. Wenzake walikwenda kutafuta watu wa kusukuma. Yeye alibaki na mfungwa wake, kafungwa kamba nyuma ya gari. Ndugu yako alivaa kofia nyekundu ya sufi."

Kicheko kilikatika.

Kofia ile, msomaji, Kapteni Umaru alikuwa ameizika pamoja na mdogo wake. Hakuwahi kuitaja kwa mtu.

"Nilimwomba kwanza," Mama Ayikoru alisema. "Nilipiga magoti topeni, bunduki ya mzee nimeificha kwenye mzigo wa kuni. Nilimwambia, baba, huyu uliyemfunga ni mkwe wangu, ndiye anayemlisha binti yangu, mwachie. Alimkanyaga shingoni ili nione. Uso wa mkwe wangu ukaingia majini. Basi nikapiga. Sikuwa nimewahi kupiga. Bunduki ilinivunja mfupa huu." Alishusha gauni kidogo begani. Mfupa wa kola ulikuwa umejiunga vibaya, umevimba kama fundo la kamba. "Mzee aliwaambia watu nimeanguka na mtungi. Akasema wakija kuuliza, waambiwe ni yeye aliyepiga. Akafa na neno hilo."

Sasa Driwaru alikuwa hasikii mengine. Alikuwa amebaki na neno moja. Mkwe.

Mumewe, Obeti, dereva wa lori la tumbaku, alikamatwa Koboko mwaka ule ule kwa kukataa kuwabebea watu wa usalama mizigo iliyofunikwa turubai. Mzee Dramadri ndiye aliyemletea habari. Alisema, "Mwanangu, wamemuua. Usiutafute mwili." Driwaru alinyolewa nywele. Alilala chini. Aliomboleza mpaka sauti ikamkauka, na hata leo alikuwa bado mjane.

"Mama," alisema. "Ulimfungua kamba?"

Mama Ayikoru alifuta unga kwenye viwiko.

"Mama! Obeti alikuwa mzima? Ulimfungua?"

"Ngoja," Kapteni alisema. Alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umepauka, na risasi ilikuwa imefungiwa ndani ya ngumi. "Kwanza mimi. Mama mzee, yeye alikufa palepale?"

"Hapana. Alikaa kidogo."

"Alisema kitu?"

Mama Ayikoru alimtazama Kapteni muda mrefu. Mtu yeyote angeona kwamba mwanamke huyu angeweza kusema lolote.

"Aliita jina," alisema. "Alisema, 'Umaru, kuja.' Nilimshika kichwa mpaka akanyamaza. Halafu nikakimbia."

Kapteni aliwapa kisogo. Alikwenda mpaka kwenye ukingo wa ua akasimama huko, akitazama mtama. Mabega yake hayakutikisika. Askari wake alianza kumfuata, akaona afadhali asimfuate.

Aliporudi, sauti ilikuwa ile ile ya chini.

"Mimi siwezi kuua mwanamke mzee ambaye alishika kichwa ya ndugu yangu. Mungu atanikataa." Driwaru alivuta pumzi. "Lakini ndugu yangu alikufa juu ya mutu moja. Kama huyo mutu hakuwa, Kenyi iko hai. Huyo mutu iko wapi?"

"Alikufa njiani," Mama Ayikoru alisema haraka.

Alisema haraka mno. Na macho yake, kwa nukta moja tu, yalikwenda kusini, upande wa Vurra, upande wa mpaka wa Kongo.

Driwaru aliyaona macho hayo.

Kapteni Umaru naye aliyaona.

"Kumbe," alisema polepole. "Kumbe iko hai."

Kilichofuata kilikwenda mbio. Askari aliamriwa abaki pale Aroi, awalinde Mama Ayikoru na Andama, na kama Kapteni hatarudi kabla jua halijazama, afanye anavyojua. Driwaru alisukumwa ndani ya Landrova. Alipigania jambo moja tu mlangoni, aruhusiwe kumuuliza mama yake.

"Kwa nini?" alilia. "Kwa nini mliniacha nimlilie mtu aliye hai?"

"Kwa sababu walikuwa wanakuchunguza," Mama Ayikoru alisema, na sasa yeye pia alikuwa akilia. "Kila wiki mtu wao alipita kukutazama. Baba yako alisema, akijua, hataweza kulia vizuri, na wao watajua. Alisema, acha alie kwa kweli ili waishi wote wawili. Nilikuwa nangoja gari la mwisho la askari lipite, mwanangu. La mwisho tu. Nikuambie."

Mlango ulifungwa.

Kapteni aliendesha mwenyewe. Bunduki ya Mzee Dramadri ilisimama katikati yao, kitako sakafuni, ikigonga goti la Driwaru kila gari liliporuka shimo. Hakuisogeza. Walipita Arua. Maduka yalikuwa yamefungwa, soko lilikuwa na mbuzi tu na magunia matupu. Baada ya mji, barabara ya Vurra ilijaa watu: wanawake na magodoro kichwani, wazee kwenye mikokoteni, askari waliogeuza mashati yao ndani nje. Hakuna aliyempigia Kapteni saluti. Driwaru aliligundua hilo kabla ya Kapteni.

"Mimi sijui Obeti yuko wapi," alisema. "Hata ukinipiga."

"Najua hujui. Si kazi yako kujua. Mwanaume iko Kongo miaka tano, hajaona mke yake. Leo West Nile yote nakimbia. Kila siku atakuja kwa mpaka kutazama watu. Wewe utasimama pale. Yeye atatoka mwenyewe."

Driwaru alielewa sasa yeye ni nani ndani ya gari hilo. Alikuwa mbuzi aliyefungwa mtini ili chui aje. Bega lenye alama za meno likaanza kumuuma.

"Na ukimwona?"

Kapteni alitazama mbele. Alikuwa akiikanyaga breki.

Mbele kulikuwa na kizuizi, gogo limelazwa juu ya mapipa. Upande wa pili walisimama askari wa Kongo, na kando ya gogo palikuwa na rundo la bunduki lenye urefu wa mtu. Kila mwanajeshi aliyefika alitakiwa kutupa silaha yake hapo kabla hajavuka. Wote walitupa. Wengine walionekana wamefurahi kuitua.

"Mimi ni kapteni," Umaru alimwambia sajini wa Kongo aliyelisogelea dirisha.

"Weye ni mutu kama batu bote," sajini alijibu, akitafuna muwa. "Shuka. Munduki yote weka chini."

Kapteni alishuka. Alitoa bastola kiunoni akaiweka juu ya rundo, na bunduki yake ya kijeshi akaiweka pia, bila kubishana. Lakini sajini alipoinyooshea mkono ile ya Mzee Dramadri, Kapteni aliivuta kifuani.

"Hii hapana. Hii si ya vita. Ni ya familia."

"Familia ya nani?"

"Nataka kupeleka kwa kaburi ya ndugu yangu."

"Ni ya baba yangu!" Driwaru alipaza sauti kabla hajafikiri. "Bwana sajini, ni ya marehemu baba yangu, alikuwa mwindaji. Tazama, ni ya kizamani, hata risasi haina. Niachie."

Sajini aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Akatema kapi la muwa.

"Munduki ni munduki. Mwenye hii ni askari. Mwenye hii anapanda ile kamyo, anakwenda kambi na wanajeshi wenzake." Alionyesha lori lililojaa wanaume waliofungwa mikono. "Sasa mwenye ni nani? Ni weye, mama?"

Watu nyuma walikuwa wakisukumana. Mtoto alilia. Driwaru alilitazama lori. Aliitazama bunduki, pale kwenye kitako palipo peusi. Akipanda lori, nani atarudi Aroi kabla jua halijazama? Nani atamwambia mama kwamba amemsamehe?

"Mama, nakuuliza. Ni yako?"

"Hapana," Driwaru alisema.

"Na si ya baba yako?"

"Hapana. Siijui."

Kapteni, aliyelitazama lori pia, hakuidai tena; sajini alimpokonya bunduki akairusha. Ilipinduka hewani, ikaanguka juu ya rundo kwa kishindo, kitako juu. Driwaru alifumba macho. Alipoyafumbua alimwona Kapteni Umaru amesimama mikono mitupu, na kwa muda mfupi sana, huenda usiamini, alimwonea huruma.

Muda huo haukudumu.

Nyuma ya rundo, vibarua wa upande wa Kongo walikuwa wakizibeba silaha na kuzipanga ghalani. Mmoja wao, mwanamume mpana wa mabega, ndevu zimeanza mvi, aliinama kuchukua mzigo mwingine. Mkono wake uligusa bunduki ya Mzee Dramadri. Ukasimama.

Aliiinua. Aliigeuza. Mara ngapi alikuwa ameibeba bunduki ile, akimfuata mkwewe porini siku asipokuwa na safari? Uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyesikia akiitwa kwao.

"Nani amekuja na hii?" alipaza sauti kwa Kilugbara, akiinua bunduki juu ya kichwa chake ili watu wote waione. "Hii ni ya Mzee Dramadri! Ya mkwe wangu! Watu wa Mzee Dramadri wako wapi?"

Driwaru aliijua sauti ile kabla hajauona uso.

Jina lake lilimfika mdomoni, akaliuma. Alitikisa kichwa. Alimpungia mkono afanye kimya, arudi nyuma, akimbie, lakini Obeti alikuwa amekwisha kumwona. Alikuwa amekwisha kuruka gogo. Alikuwa akija, akicheka na kulia, bunduki mkononi, akiwapangua watu kushoto na kulia, na sajini akimfokea kwa nyuma arudi.

Driwaru aligeuka kumtazama Kapteni Umaru.

Kapteni hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliirudisha risasi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akainama polepole, mkono ukielekea butini, kama mtu anayetaka kukaza kamba za viatu.

Alivaa buti ndefu za kuvuta. Hazikuwa na kamba.